Chuma Hakilali na Hasira

Kambini, kiwanda cha mbolea
Jumanne, 3 Juni

Kwako mwanangu mpendwa,

Salamu kwanza, mengine yafuate. Mimi ni mzima, ila goti la kushoto linanikumbusha ngazi kila asubuhi. Natumaini nawe u mzima, unakula, na hujaufungia mdomo wako sandukuni kama ilivyo ada yako. Simu huku ni pambo tu. Mtandao haushiki mpaka upande juu ya tangi la maji, na juu ya tangi la maji nimeshakatazwa kwa maandishi. Kwa hiyo tuandikiane. Dereva wa lori letu anafika huku kila Jumamosi na kurudi Jumatano. Mpe barua mkononi, asiitie chini ya kiti.

Sasa sikia habari njema. Vile vipande vyetu kumi na vinne, viwiko na flanji zake za kuungia, vimefika bila mkwaruzo na vimekaa mahali pake kama chanda na pete. Jana tulijaza maji bomba lote, tukapandisha presha mara moja na nusu ya ile ya kazi, tukaiacha kutwa. Hata tone! Mhandisi wa kiwanda alipitisha kitambaa cheupe chini ya kila mshono, kikatoka kikavu. Akaniuliza siri yangu ni nini. Nikamwambia, kwetu chuma hakilali na hasira. Kila tunachokichomelea tunakipumzisha tanurini, nyuzi mia sita na hamsini, saa nne kamili, kisha mlango unafungwa kipoe chenyewe mpaka kesho yake. Nikamwambia pia kwamba aliyelinda tanuru ni binti yangu wa miaka kumi na saba. Hakuamini. Nikaona raha asipoamini.

Tarehe 28 watafungua tindikali ya moto, ile ya kutengenezea mbolea. Baada ya hapo tutabaki miezi miwili tukijenga jukwaa la wafanyakazi chini ya bomba lile lile. Jua la huku halina adabu, basi nimeshachagua mahali pangu pa kula mchana, pale kivulini mwa mishono yetu.

Msalimie mjomba wako Miwani. Mwambie karakana nimemwachia yeye, lakini tanuru nimekuachia wewe.

Ni mimi,
Mama yako


Nyumbani
Ijumaa, 6 Juni

Mama mpendwa,

Shikamoo. Barua yako nimeipata, haikuwa chini ya kiti. Pole kwa goti. Jaribu kulikanda kwa maji ya moto yenye chumvi.

Huku sisi ni wazima. Mjomba Miwani amekuja tena mezani na miwani ya kuchomelea kichwani, akaitafuta chumba kizima mpaka akaanza kututuhumu wizi. Shuleni kwema. Mtihani wa kemia nimepata vizuri. Mashine ya kukereza ilikuwa inapiga kelele, Mjomba akaitia grisi, ikanyamaza.

Nimefurahi kusikia maji hayakuvuja. Je, tarehe 28 ni ya hakika au wanaweza kuisogeza? Na hiyo tindikali ni ya moto kiasi gani? Na jukwaa lazima liwe chini ya bomba, haliwezi kujengwa upande mwingine?

Sina la ziada. Nauliza tu kuhusu tindikali.

Mwanao


Kambini
Jumanne, 10 Juni

Mwanangu,

U hali gani? Mimi sijambo, na goti limekubali chumvi yako.

Nilipoisoma barua yako mara ya kwanza nilicheka habari ya Miwani. Nilipoisoma mara ya pili sikucheka. Karatasi nzima ina mistari kumi na mbili, na mitano inauliza tindikali. Tangu utotoni hujawahi kuuliza swali moja, seuze matatu kwa mpigo. Nimekuzaa, sikukuokota. Unajua kitu.

Tarehe 28 ni ya hakika. Tindikali ni ya moto wa kuchemsha chai. Jukwaa halihamishiki, nguzo zake zimeshamwagiwa zege.

Sema, mwanangu. Kwa kalamu huna wa kumwonea haya.

Mama


Nyumbani
Ijumaa, 13 Juni

Mama yangu,

Shikamoo. Sitauliza afya yako leo, kwa sababu ninalotaka kuandika ndilo linalohusu afya yako.

Vitoe vile vipande, Mama. Usikae chini yake. Usimruhusu mtu yeyote kukaa chini yake.

Sasa nieleze, na naomba uisome mpaka mwisho kabla hujakasirika.

Mabomba yalipoletwa, ndani ya kreti kulikuwa na karatasi ya manjano iliyoandikwa kwa lugha ya darasani. Uliichukua, ukaigeuzageuza, ukanipa nikaiweke kwenye droo. Nilipokuwa nakwenda kwenye droo niliisoma. Ilisema stenlesi hii, chuma kisichoshika kutu, isiachwe kwenye joto la kati ya nyuzi mia nne na hamsini na mia nane na hamsini. Ikilazimu kutiwa motoni, ipandishwe mpaka elfu moja na hamsini au zaidi, kisha ipozwe majini papo hapo. Sisi tuliilaza kwenye mia sita na hamsini kwa saa nne, tukaifungia mlango mpaka asubuhi. Yaani tuliilaza palepale palipokatazwa, tena na shuka tukaifunika.

Nilijua, Mama. Kwa mkono wangu niligeuza kitasa cha tanuru huku najua.

Nilirudi kutoka kwenye droo nikakukuta umesimama katikati ya mafundi, unasema, "Vyote saa nne, bila mjadala." Mjomba Miwani akasema, "Kuna mjadala gani? Chuma ni chuma." Wote wakacheka. Nikafungua mdomo. Neno likafika hapa kooni, likageuka.

Unakumbuka yule mteja wa mageti, nilipokuwa na miaka tisa? Ulikuwa unamsomea maandishi ya lugha hiyohiyo ya darasani kwenye boksi la vijiti vya kuchomelea, ukakosea, nikakusahihisha kwa sauti. Akacheka mpaka akashika tumbo: "Fundi mzima anasomewa na mtoto!" Nawe ulicheka naye, lakini niliona masikio yako yamewaka. Siku ile niliapa sitakusahihisha tena mbele za watu. Kiapo hicho nimekitunza vizuri mno.

Vipande vilipoondoka nilijiambia labda karatasi inazidisha. Maandishi mengi ya kwenye makreti huzidisha. Barua yako ya maji ilipofika nikapumua. Kisha nikasoma tena pale uliposema utakula mchana kivulini mwake, nikaitoa karatasi ya manjano kwenye droo. Jumatatu nikachukua kile kipande cha kumi na tano, cha akiba, tulichokilaza pamoja na vingine, nikampelekea mwalimu wa kemia. Nilimwambia ni cha mjomba wa rafiki yangu. Akaniangalia tu. Nadhani anajua kwamba sina rafiki mwenye mjomba.

Tulikata kiduara kando ya mshono, tukakisugua mpaka kikawa kama kioo, akakipaka dawa, akakiweka chini ya hadubini. Mama, kwa macho kinang'aa vilevile. Chini ya hadubini kimejaa mifereji myeusi, kama dimbwi lililokauka na matope yakapasuka.

Mwalimu alinieleza hivi. Chuma kimejengwa kwa chembe zilizobanana, kama punje kwenye gunzi la hindi. Ndani yake mna kromiamu, na huyo ndiye askari wake dhidi ya kutu na tindikali. Chuma kikikaa muda mrefu kwenye joto la katikati, kaboni iliyomo huamka, ikaikusanya kromiamu kwenye mipaka ya chembe na kuing'ang'ania hapo. Basi kando ya mipaka panabaki bila mlinzi. Ni kama darasa mwalimu akitoka: ukiwapa muda, watajikusanya vikundi pembeni na viti vya katikati vitabaki vitupu. Nguvu chuma hakijapoteza, ndiyo maana maji ya presha hayakuona kitu. Lakini tindikali haihitaji kuvunja ukuta, inapita mipakani. Baada ya siku au wiki, chembe zinadondoka moja moja.

Nilikuwa bado natafuta pa kujificha. Nikamwuliza, "Labda ni rangi tu ya dawa?" Akasema tujaribu. Tulichemsha kipande kingine ndani ya tindikali ya betri na mrututu, ile chumvi ya buluu, siku nzima ya Jumatano, madirisha wazi, yeye kasimama mlangoni kama bawabu. Jana tukakibana kwenye jiliwa, tukajaribu kukikunja. Hakikukunjika, Mama. Kilimeguka pembeni mwa mshono kama mkate wa juzi. Ukikigonga hakilii kama chuma, kinasema "tap" kama ubao.

Niliogopa usije ukaaibika mbele ya watu wanne. Sasa naogopa kitu ambacho siwezi hata kukiandika.

Nisamehe, au usinisamehe, lakini vitoe.

Mwanao


Nyumbani
Alhamisi, 19 Juni

Mama,

Shikamoo. Naandika ingawa hakuna wa kuibeba barua hii. Lori lilipaswa kurudi jana. Halikurudi. Mjomba Miwani anasema barabara ina mashimo na dereva ana mashemeji njiani. Anasema hivyo kila saa, kwa hiyo najua na yeye ana wasiwasi.

Mjomba nimemwambia yote. Nilimwambia nikiwa nimempa mgongo, nafagia, ndivyo nilivyoweza. Akasema, "Na mimi ndiye niliyesema chuma ni chuma." Akavua miwani kichwani, akaitia mfukoni. Sijawahi kumwona akiitia mfukoni.

Sijui barua yangu imefika. Sijui kama umeisoma. Sijui kama umeisoma na hutaki kujibu. Nimehesabu hizi tatu, na ile ya kwanza ndiyo mbaya kuliko zote, ingawa ndiyo inayonifichia aibu.

Leo nimesimama getini mpaka kengele ya shule ikanipita.

Mwanao


Kambini
Alhamisi, 19 Juni

Salamu baadaye.

Lori liliharibika njiani, barua yako nimeipata Jumanne jioni. Nimevifungua vyote kumi na vinne, vimo humo ndani ya lori, vihesabu. Huku hakuna tanuru. La kwetu halifiki elfu. Tafuta moto.

Nimeomba siku tatu, nimepewa. Tindikali ni tarehe 1 Julai.

Mama


Nyumbani
Jumatano, 25 Juni

Mama mpendwa,

Shikamoo sana. U hali gani? Goti je? Leo nina nafasi ya kuuliza na nina nguvu ya kusubiri jibu. Dereva anapiga honi lakini nimemwambia angoje, na amengoja.

Karatasi yako ilifika Ijumaa mchana. Niliitazama, nikaona haina "mwanangu", nikalia kidogo. Kisha nikaona imeandikwa "tafuta moto", na wewe humwagizi moto mtu usiyemwamini. Nikanawa uso.

Moto wa nyuzi elfu na themanini tuliupata kiwanda cha vigae, barabara ya nyuma, wanapochomea vigae vya sakafu. Mjomba alitaka kwenda yeye. Nikasema nitakwenda mimi, kwa sababu yeye angekwenda kuomba moto bila kujua wa kiasi gani. Mwenye kiwanda ni mama mmoja mnene, mikono imejaa udongo mweupe mpaka kwenye viwiko. Nikamwamkia, nikaanza kueleza. Akanikatiza:

"Mbona unaongea na viatu vyangu? Mimi niko huku juu."

Nikainua uso. Nikamwambia kwamba nimelaza vyuma vibaya na mama yangu anafanya kazi chini yake. Nilikuwa nimeandaa maneno marefu ya adabu, yote yakaanguka, likabaki hilo. Akanitazama, akajifuta mikono kwenye aproni. "Tanuru dogo la kujaribia rangi litakutosha? Mlango wake unafunguliwa hata likiwa la moto." Nikasema litatosha. "Na mimi vitoroli vyangu vya kubebea vigae vyote vimevunjika miguu," akasema. "Ni nani fundi wenu?" Basi tumeshamchomelea vitoroli sita.

Tulianza Jumamosi asubuhi. Vipande viwili viwili, kila awamu nusu saa ndani ya moto uliokwisha kufika, na nje mapipa mawili yaliyojaa maji mpaka ukingoni. La kwanza kuingia lilikuwa baki la kile kipande cha akiba, maana sikuthubutu kuanza na vyako. Mlango ulipofunguliwa chuma kilikuwa rangi ya chungwa inayokaribia manjano, huwezi kukitazama. Mjomba akakikamata kwa koleo refu, akakitoa, akasimama nacho. Amesimama, Mama! Kila sekunde anayosimama kinapita palepale katikati palipokatazwa.

"Tumbukiza," nikasema.

"Mtoto, chuma si mgonjwa wa homa umkande na maji baridi. Kitapasuka."

"Kingekuwa chuma cheusi cha kawaida kingepasuka. Hiki hakipasuki. Tumbukiza!"

Mama, nilipiga kelele. Wafanyakazi wa vigae waligeuka wote. Mjomba akatumbukiza, maji yakaunguruma, mvuke ukatumeza, na tulipoona tena, kipande kilikuwa chini ya pipa, kizima, cheusi kama sufuria ya msibani. Mjomba akasema taratibu, "Kumbe una sauti. Ulikuwa umeiazima nani?" Baada ya hapo kila mlango ukifunguliwa alikuwa ananitazama mimi kwanza.

Sababu ya mbio hizo ni kwamba kwenye joto kubwa kaboni huachia kromiamu, kila mmoja anarudi alipokuwa. Ukipoza polepole zitakutana tena njiani. Ukipoza ghafla zinagandia zilipo, hazipati muda wa kujikusanya.

Vipande vingine vilichukua mpaka Jumatatu mchana. Tulivichubua ule weusi kwa dawa ya kusafishia mishono, tukavisuuza mpaka vikang'aa. Flanji ya kiwiko cha tisa ilipinda kidogo, Mjomba ameipitisha kwenye mashine ya kukereza. Umeandikiwa kwa chaki, usiseme hukuambiwa.

Lile baki la akiba tulilipeleka shuleni Jumamosi hiyohiyo jioni, na mwalimu akalichemsha kwenye mrututu na tindikali siku nzima ya Jumapili, siku yake ya kupumzika. Safari hii nilimwambia ni cha mama yangu. Akasema, "Nilikuwa nasubiri mjomba wa rafiki yako apone." Jana tukalibana kwenye jiliwa, akanipa nyundo.

Likakunjika. Nikapiga tena. Likakunjika mpaka ncha mbili zikagusana, kama kitambaa unachokunja kukiweka kabatini, wala ufa, wala mkwaruzo. Tukaligonga, likalia. Mwalimu akasema tulitazame chini ya hadubini. Nikaangalia, mifereji haipo. Zipo chembe tu, zimekaa karibukaribu, na mistari myembamba kati yake, safi.

Nilikaa kwenye stuli ya maabara nikacheka bila sababu ya kuchekesha. Mwalimu akatoka nje akaniacha nicheke.

Kipande kilichokunjwa nimekifunga kwenye kitambaa, kimo pamoja na vyako. Mwonyeshe mhandisi. Asipokiamini mpe nyundo.

Hujaniandikia neno la kunisamehe wala la kunigomba. Nangoja lolote.

Mwanao


Kambini
Ijumaa, 4 Julai

Kwako binti yangu, tanuru langu, mwanangu,

Salamu zote nilizokunyima tarehe 19 nazileta leo na riba yake. Mimi ni mzima wa mwili na wa moyo. Natumaini umelala siku hizi.

Tindikali ilifunguliwa Jumanne saa tatu asubuhi. Nilipita mshono kwa mshono, kuanzia wa kwanza. Kwenye kiwiko cha sita nikaona tone. Mwanangu, nikampigia mhandisi kelele. Mhandisi akafunga vali, tukafungua, tukakuta ni gasketi tu, ile pete ya kuzibia, kijana kaiweka upande. Tukaikaza upya. Toka hapo ni siku ya nne, na kitambaa cheupe cha mhandisi kimeendelea kuwa cheupe. Jana nimekula mchana pale kivulini. Nilichukua sahani ya pili.

Sasa tuongee.

Uliponiandikia, nilikwenda kwa mhandisi nikiwa bado na barua mkononi. Nikamwambia, "Ile siri niliyokusifia ndiyo kosa langu." Aliweka kalamu chini. Kisha akasema, "Fundi, wengine wangengoja bomba liseme lenyewe," akanipa siku tatu. Niliondoka pale masikio yakiwaka, ndiyo, kama yale uliyoyaona. Yakawaka, yakapoa. Hayakudondoka.

Yule mteja wa mageti namkumbuka. Nilichokionea aibu siku ile hakikuwa wewe. Nilikuwa na miaka ishirini kwenye kazi hii na nilikuwa najifanya naisoma lugha yenu ya darasani. Nimeendelea kujifanya. Na hapa ndipo pa kuungama kwangu: siku ya karatasi ya manjano nilikuona. Ulikuwa umesimama kwenye droo, midomo yako inacheza. Nilijua unaisoma. Nilijua pia nimesema "bila mjadala" kwa sauti kubwa kupita kawaida, kwa sababu nilikuwa sijui ilichosema na sikutaka kuuliza mbele ya Miwani na vijana. Ulipoweka karatasi na kunyamaza, nikajiambia, kama kungekuwa na neno angelisema. Ukimya wako nikaufanya muhuri wangu. Mtu mzima, mwanangu, kajificha nyuma ya mtoto mwenye haya.

Kwa hiyo kukusamehe nimekusamehe tangu nilipofungua boliti ya kwanza. Sikuandika kwa sababu mikono ilikuwa imeshika spana na lori lilikuwa linangoja. Sasa na wewe unisamehe. Halafu tulisamehe na tanuru, lenyewe linafanya linaloambiwa.

Mhandisi amekiweka kipande chako kilichokunjwa mezani kwake, anakandamizia karatasi. Kila anayeingia anaambiwa habari zake.

Tumepata kazi nyingine hapahapa: mlango mpya wa bwela la mvuke, lile tangi la kuchemshia maji. Nimeandika hatua za kazi, namba moja mpaka sita, nyuma ya barua hii. Na karatasi ya chuma chenyewe nimeiambatanisha, ile lugha yenu ya darasani. Isome yote. Kisha usomee hatua zangu karakana nzima, wewe mwenyewe, Miwani akiwepo, umesimama katikati. Ukiona nimekosea, sema hapohapo.

Mama yako anayekula vizuri


Nyumbani
Ijumaa, 11 Julai

Mama mpendwa,

Shikamoo. Nimekusamehe. Sisi ni wazima, na nimelala.

Nimesimama katikati, nimesoma. Sauti ilitetemeka mpaka namba mbili. Mjomba Miwani akaninong'oneza, "Niko huku juu," maana na yeye nimemsimulia ya yule mama wa vigae. Nikainua uso nikaendelea.

Namba tatu umekosea. Umeandika mlango ukishachomelewa upandishwe moto mkali na kuzamishwa majini kama vile viwiko. Hicho cha safari hii ni chuma cheusi kinene, Mama. Ukikizamisha kitapinda, na huenda kikapasuka. Hicho ndicho cha kulazwa: nyuzi mia sita na hamsini, saa nne, mlango umefungwa mpaka asubuhi, kama ulivyonifundisha.

Nilisema hivyo mbele ya wote. Hakuna aliyecheka, isipokuwa mimi.

Nimeifuta namba tatu nikaiandika upya. Tanuru limeshawashwa.

Mwanao